Wasomaji Wanauliza: Pikipiki Iliyofutwa na Bima

Barua za safari hii karibu zote zimehusu jambo moja: pikipiki zilizopata ajali, zikafutwa na bima, kisha zikatengenezwa na kurudi sokoni. Pale barua mbili zilipouliza lile lile, tumejibu mara moja.

SWALI: *Mafundi, salamu. Nimepata pikipiki ya cc 600 kwa bei ya chini mno. Muuzaji hafichi kwamba bima iliifuta, ila anasema "ilikwaruzika tu". Kama ilikwaruzika tu, mbona waliifuta? Ananidanganya?*

JIBU: Huenda anasema kweli tupu. Kampuni ya bima haijiulizi kama pikipiki inatengenezeka. Inajiuliza kama kuitengeneza kunalipa. Inachukua thamani ya pikipiki kabla ya ajali, halafu inapiga hesabu ya vipuri vipya kutoka kwa mtengenezaji, saa za fundi, rangi, gharama ya kuitunza karakana, na fedha itakazopata ikiuza mabaki. Hesabu ikikataa, mwenye pikipiki analipwa fidia na chombo kinaandikwa hasara kamili.

Pikipiki hufika hapo upesi kuliko gari. Ikilala upande mmoja tu, inaondoka na kioo, indiketa, mkono wa breki, kava za plastiki, ekzosi, tangi na kava la injini kwa mpigo mmoja. Jumlisha hivyo vyote vikiwa vipya, kwenye pikipiki yenye umri wa miaka kadhaa, uone.

Lakini karatasi ile ile inaweza kuwa ya pikipiki iliyogonga ukuta uso kwa uso. Kwa hiyo usiulize tu "ilifutwa?" Uliza ilifutwa kwa kundi gani na kwa sababu gani. Uingereza, tangu Oktoba 2017, makundi ni manne: A ni ya kusagwa yote, B fremu lazima isagwe ila vipuri vinaweza kutumika kwingine, S imeumia mwili wenyewe, yaani fremu au kiungo kinachobeba uzito, lakini inatengenezeka, N haikuumia mwili. Kabla ya hapo kulikuwa na C na D, na bado utazikuta kwenye kumbukumbu za pikipiki za zamani. Marekani hati ya umiliki hupewa alama ya mabaki, na ikishatengenezwa na kukaguliwa hupewa alama ya iliyojengwa upya. Taratibu hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo.

Watu wengi hujikwaa kwenye N. Wanadhani N maana yake iko salama. Sivyo: breki, shokapu, usukani au waya vinaweza kuwa vimeharibika na lazima vibadilishwe kabla ya kurudi barabarani. Na ukiletewa pikipiki ya A au B ikiwa inanguruma na rangi mpya, usiinunue hata ikishuka hadi nusu ya bei uliyoambiwa mwanzo.

SWALI: *Sina mashine ya kupimia fremu. Nitajuaje kama fremu imenyooka? Kwa macho naona sawa.*

JIBU: Macho hayatoshi, ila kwa kamba, rula, pima-maji na dakika 40 utagundua sehemu kubwa ya ubaya. Nenda mchana, pikipiki ikiwa kavu na injini ikiwa ya baridi.

Anza kwenye kichwa cha fremu, pale usukani unapoingia. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, ukiangalia vizuizi vidogo vya chuma vinavyouzuia usizidi. Ajali nzito ya mbele hupenda kuvivunja, kuvipinda au kuvibonyeza. Kizuizi chenye mkwaruzo wa kawaida si kitu. Kizuizi kilichochomelewa upya, au chenye rangi mpya wakati jirani zake wamechakaa, kinasema mengi kuliko muuzaji. Kisha pitisha tochi chini ya kichwa cha fremu na kwenye bomba linaloshuka mbele ya injini. Tafuta rangi iliyopasuka kwa mistari midogo iliyopinda, au mikunjo unayoihisi kwa kidole kabla ya kuiona. Bomba la chuma likisukumwa nyuma hukunjika hapo kwanza. Tazama pia nafasi kati ya tairi la mbele na injini au rejeta, uilinganishe na pikipiki nzima ya aina ileile: ikiwa finyu, kitu kimerudi nyuma, iwe shokapu au fremu.

Sasa kamba. Kwanza hakikisha gurudumu la nyuma limekaa sawa, na usiamini alama za kurekebishia cheni, kwa sababu mara nyingi hazilingani. Pima kwa rula kutoka katikati ya bolti inayoshika mkono wa nyuma (ule unaobeba gurudumu la nyuma) hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili, mpaka vipimo vilingane. Zungushia kamba tairi la nyuma upande wa kisogo, juu kadiri inavyoweza kupita bila kugusa kitu, kisha vuta ncha zote mbili mbele hadi kwenye stendi mbili zilizowekwa mbele ya gurudumu la mbele. Sogeza stendi mpaka kila kamba iguse tu ukingo wa mbele wa tairi la nyuma bila kupinda. Nyoosha usukani. Tairi la mbele huwa jembamba zaidi, hivyo kutabaki nafasi kila upande. Pima nafasi hizo mbele na nyuma ya tairi hilo.

Zikilingana kushoto na kulia, vizuri. Ukipata milimita 9 kushoto na 3 kulia, mbele na nyuma ya tairi vilevile, gurudumu liko sambamba lakini limehama milimita 3. Usilaumu fremu papo hapo. Angalia kama bushi za ekseli zimebadilishana upande, kosa linalotokea sana baada ya matengenezo. Angalia pia kitabu cha mtengenezaji, maana kuna miundo michache ambayo magurudumu yake hayako mstari mmoja tangu kiwandani. Yote hayo yakiwa sawa na tofauti ikabaki, hiyo ni kazi ya meza ya kupimia fremu, na bei lazima ionyeshe hivyo au uondoke.

Kamba haionyeshi fremu iliyosokoteka. Kwa hilo simamisha pikipiki kwenye stendi ya nyuma, weka pima-maji wima kwenye rimu ya nyuma, kisha ihamishie kwenye rimu ya mbele usukani ukiwa umenyooka. Gurudumu moja likiwa wima na jingine limeinama, kuna msokoto mahali.

Malizia na magurudumu. Inua la mbele lisiguse chini. Zungusha usukani polepole kwa vidole viwili: ukihisi unanasa katikati kabisa, beringi za usukani zimepigwa na kuacha vishimo kwenye njia yake. Shika shokapu kwa chini uvute na kusukuma. Mlio wa "tak" ni ulegevu. Kisha funga kipande cha waya kwenye shokapu, ncha yake ikaribie rimu, na uzungushe gurudumu. Kwa miundo mingi mwisho wa kuyumba unaoruhusiwa ni milimita 2, kwa pembeni na kwa juu na chini. Rimu ya alumini yenye ufa kwenye mzizi wa mkono wake haichomelewi, inabadilishwa.

SWALI: *Nilinunua pikipiki iliyoanguka polepole. Gurudumu likinyooka usukani unatazama kushoto. Fundi anasema shokapu zimepinda, ninunue mpya. Ni kweli?*

JIBU: Usinunue bado. Pikipiki ikianguka, mara nyingi shokapu hazijapinda bali zimejisokota ndani ya vibanio vyake, cha juu na cha chini. Kuna kipimo rahisi: chukua kipande cha kioo kinene kilicho bapa, kiweke juu ya mabomba mawili ya shokapu kikiyagusa yote mawili, kati ya kibanio cha chini na matadigadi. Kikigusa kote bila kucheza, mabomba yako sambamba. Kikiyumba kama meza yenye mguu mfupi, kuna msokoto.

Kuunyoosha, legeza bolti za kibanio cha chini na cha juu, nati ya katikati ya usukani, bolti za kubana ekseli na ekseli yenyewe, na bolti za matadigadi. Legeza tu, usizitoe, na pikipiki iwe imeshikiliwa barabara. Simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, zungusha usukani hadi ulingane. Kaza ekseli kwanza, bonyeza shokapu mara kadhaa zijipange, kisha kaza vibanio na ekseli kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Matadigadi iwe ya mwisho.

Usukani ukirudi palepale, au kioo bado kinayumba, sasa toa mabomba. Yazungushe juu ya vipande viwili vya chuma vyenye umbo la V, saa ya kupimia ikigusa katikati. Kikomo ambacho vitabu vingi hutoa ni milimita 0.2. Likizidi, badilisha. Kulinyoosha kwa presi tunalikataa moja kwa moja: chuma kilichokwisha kupinda kikarudishwa kimedhoofika pale pale, na watengenezaji wengi wanakataza hivyo.

SWALI: *Kuna tatu mnadani: moja ilizama kwenye mafuriko, moja iliungua kidogo upande wa kiti, moja iliibwa ikapatikana. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?*

JIBU: Iliyoibwa, mradi namba zake ni safi. Bima hulipa mwenye nayo, kisha pikipiki inaonekana, na kampuni inabaki na chombo ambacho mara nyingi hakikuanguka. Tarajia swichi ya ufunguo iliyovunjwa, kufuli la usukani lililong'olewa kwa nguvu na waya zilizokatwa karibu na kichwa cha fremu. Kabla ya kutaja bei, uliza kuhusu ufunguo. Kwa baadhi ya pikipiki zenye mfumo wa kuzuia wizi, funguo zote zikipotea hulazimu kubadilisha kompyuta ya injini pamoja na seti ya kufuli, na faida yako yote inaishia hapo.

Iliyozama inaonekana nzuri kuliko zote na ndiyo inayosumbua muda mrefu zaidi. Fungua kiti uangalie tope kavu kwenye kona za fremu. Vuta soketi moja au mbili za waya chini ya tangi, utafute ukungu wa kijani kwenye shaba. Fungua kichujio cha hewa. Mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa yana maji. Maji matamu yaliyofika kwenye magurudumu tu yanavumilika, beringi na mafuta vikibadilishwa mapema. Maji ya bahari tuachie wanaonunua vipuri.

Ya moto, jibu linategemea fremu. Alumini ya fremu hupewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto huuondoa bila kuacha alama unayoweza kuipima kwa rula. Kama fremu ni ya alumini na rangi yake imebabuka, acha. Kama ni ya chuma na kilichoungua ni kiti, plastiki na waya za nyuma, inatengenezeka, ila weka mfumo mzima mpya wa waya. Kuungaunga waya zilizopata joto ni kuandaa moto wa pili.

SWALI: *Fremu ya alumini ina ufa karibu na kichwa. Jirani ana mashine nzuri ya kuchomelea alumini. Inafaa?*

JIBU: Haifai. Weldi yenyewe inaweza kutoka safi, lakini joto lake hulainisha alumini iliyo pembeni yake, na ufa mpya huanzia hapo, kwenye kiungo kinachopokea nguvu yote ya breki ya mbele. Tafuta fremu nyingine yenye karatasi zake.

SWALI: *Namba na karatasi nizikague vipi? Naogopa kuuziwa ya wizi.*

JIBU: Namba ya fremu nyingi za kisasa (Marekani ni kanuni tangu mwaka 1981) ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q. Ukiona mojawapo, simama. Kwenye pikipiki nyingi hugongwa kwenye kichwa cha fremu. Ifute kwa kitambaa na uiangalie kwa mwanga wa pembeni: kina cha herufi kilingane, mstari uwe sawa, na kusiwe na alama za msasa kuizunguka. Linganisha na stika ya mtengenezaji, hati, na kumbukumbu ya bima. Namba ya injini ikitofautiana na ya hati si lazima iwe wizi, kwani injini hubadilishwa baada ya ajali, lakini risiti ya injini hiyo iwepo.

Na jambo moja dogo linalosahaulika: geuza kava la plastiki uangalie ndani. Nyingi zina duara dogo lenye mshale unaoonyesha mwezi, na mwaka katikati, ni tarehe ya kutengenezwa. Kava la miaka minne baada ya pikipiki lilibadilishwa, kwa hiyo muulize muuzaji kwa nini.

SWALI: *Nataka kununua mnadani, nitengeneze, niuze. Nijue vipi bei ya kuishia?*

JIBU: Anza nyuma, kwenye bei ya kuuza. Tuchukue mfano wa hesabu tu: pikipiki ya aina hiyo isiyo na historia inauzwa 100. Yako ikiwa na alama ya kufutwa, tuseme mnunuzi makini atatoa 70. Toa vipuri 22, ada za mnada na usafiri 8, fundi 8, ukaguzi na karatasi 3, na akiba ya usichokiona 8. Hizo ni 49, zinabaki 21. Ukitaka faida ya 6, mwisho wako ni 15. Wenzako wakifika 16, nyamaza. Anayepiga hesabu kuanzia bei ya mnada kwenda mbele hujikuta amejiahidi bei ya kuuza ambayo soko halikumwahidi.

Ile akiba ya 8 usiiguse mapema. Ipo kwa ajili ya rejeta iliyobonyea nyuma ya plastiki, vishikio vya taa, sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), waya zilizokatika kwenye shingo ya usukani. Kwenye picha za mnada, picha iliyokosekana ndiyo muhimu: ukionyeshwa upande wa kushoto mara sita, omba wa kulia, na moja kutoka mbele kabisa usukani ukiwa umenyooka.

Ukishaileta nyumbani, pima fremu kwanza. Usinunue hata indiketa kabla ya kamba na kioo kukupa majibu. Fremu ikigoma, utauza vipuri na kurudisha sehemu ya fedha. Ukiwa umeshanunua plastiki na kupaka rangi, hasara ni mara mbili.

SWALI: *Yangu nimeitengeneza vizuri kabisa, inaenda kama mpya. Nikisema ilifutwa, wanunuzi wanakimbia. Lazima niseme?*

JIBU: Sema, dada, na uliseme kwenye tangazo lenyewe, si siku mteja amekuja na fedha mkononi. Alama ya kufutwa huonekana kwenye kumbukumbu, na mnunuzi akiigundua mwenyewe hataamini tena neno lako hata kuhusu tairi. Kisheria pia uko pabaya: Uingereza, kwa mfano, mfanyabiashara anayekaa kimya kuhusu jambo zito kama hilo anavunja sheria, na muuzaji wa kawaida anayejibu uongo akiulizwa anaweza kudaiwa. Juu ya hayo yote, atakayepanda ni mtu, na ana haki ya kujua amekalia nini.

Kinachowatuliza wanunuzi ni faili. Weka picha za pikipiki kabla hujaigusa, pande zote, hata zile mbaya. Weka picha za fremu ikiwa wazi, vipimo vya kamba ulivyovipata kwa milimita, risiti za vipuri ukibainisha kipya na cha mtumba, na cheti cha ukaguzi. Tangazo liwe hivi: "Ilifutwa na bima, kundi N. Ilianguka upande wa kulia. Vimebadilishwa: mkono wa breki, usukani, ekzosi (mtumba), kava la klachi na gasketi yake. Shokapu zimepimwa, hazikubadilishwa. Tangi lina puti mahali pamoja, picha ya 7." Sentensi hiyo ya puti itakuuzia pikipiki kuliko rangi yenyewe, kwa sababu mnunuzi anaona kwamba hata kile ambacho sumaku yake ingekigundua umemwambia mapema.

Mwambie pia azungumze na bima yake kabla ya kulipa. Kampuni nyingine hazipokei chombo kilichowahi kufutwa, na inayokipokea huweza kulipa fidia pungufu siku ya tatizo.

SWALI: *Nimeshanunua, imeshatengenezwa na mtu mwingine. Nirudie nini kabla ya kuanza kuitumia?*

JIBU: Breki kwanza. Badilisha mafuta yake, na kila bolti ya mpira wa breki iliyofunguliwa ipate washa mpya za shaba. Washa swichi uangalie taa ya ABS: iwake, kisha izime ukishaanza kutembea. Isiyozima ina hitilafu. Isiyowaka kabisa ni mbaya zaidi, huenda mtu ameiondoa ili usijue.

Pitia kwa spana ya kipimo bolti za kalipa, ekseli zote mbili, vibanio vya shokapu na mkono wa nyuma. Sikiliza injini ikiwa ya moto. Pikipiki iliyoanguka na injini ikaendelea kuzunguka huku imelala huweza kuwa ilivuta hewa badala ya mafuta ya kulainisha, na mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaoongezeka ukiongeza mwendo wa injini ni beringi za krankishafti zinazokwisha. Hapo zima, usiendelee kujaribu. Ikiwa kimya, tembea nayo kwa mwendo wa wastani, na baada ya kilomita 300 hivi rudia kukaza zile bolti zote, kisha angalia tena kama kuna mafuta yanayovuja kwenye sili za shokapu na chini ya kava lililobadilishwa.